Kabla hujamwaga zege: namna ya kuamua kama uwanja wa gofu wa mji uongezewe viwanja vya pikoboli

Maswali yanayotufikia ni yale yale, na mengi huja yakiwa yamechelewa. Kokoto zimeshashushwa, ndipo mtu anauliza kama kelele zitamfikia jirani. Mwongozo huu ni wako wewe mjumbe wa kamati ya uwanja wa gofu, au ofisa wa halmashauri uliyewekewa mezani faili la maombi ya "kuongeza pikoboli". Tumeulenga Arusha na Moshi, kwa mvua zake, udongo wake na giza lake linaloingia mapema. Kucheza hutafundishwa hapa. Utafika kwenye jibu moja kati ya matatu: tujenge, tupige mistari tu kwenye sakafu iliyopo, au tuache.

Kwa asiyeuona mchezo wenyewe: ulianza mwaka 1965 kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington, Marekani. Unachezwa na watu 2 au 4, kwa vibao vigumu visivyo na nyuzi na mpira wa plastiki wenye matundu. Neti inafanana na ya tenisi ila iko chini kidogo. Pande zote mbili za neti kuna ukanda wa mita 2.13 ambao wachezaji wanauita jikoni: ukisimama humo huruhusiwi kupiga mpira ambao haujadunda. Mzee wa miaka 70 na mjukuu wake wanaweza kucheza pamoja wiki ya kwanza tu, na hiyo ndiyo sababu mchezo unaenea haraka. Nadharia inaishia hapo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Nakala ya hati ya ardhi au mkataba wa upangaji, pamoja na ramani ya upimaji.
- Ramani ya mabomba ya umwagiliaji na nyaya za chini. Kama haipo, mtafute fundi wa muda mrefu wa uwanja atembee nawe; ramani iko kichwani mwake.
- Futi ya kamba ya mita 50, vigingi 12, kamba ya fundi na chokaa.
- Neti 2 za kukunja zenye miguu yake, vibao 8, na mipira 24 ya nje (ile yenye matundu 40, yenye matundu 26 ni ya ndani).
- Tepe ya karatasi ya rangi, upana wa sm 5, na chaki.
- Daftari moja la mistari, na mtu mmoja mwaminifu wa kulijaza.
- Simu yenye programu ya kupima sauti.
- Sururu, koleo na ndoo mbili.

Mkandarasi asiwepo hatua hii. Ukimwita mapema atakupa bei ya kujenga, wakati wewe bado hujajua kama utajenga.

Hatua kwa hatua

1. Soma hati kabla hujashika futi

Tafuta sehemu ya matumizi ya ardhi. Hati ikisema "uwanja wa gofu" au "eneo la wazi", usidhani pikoboli inaingia humo yenyewe kwa kuwa nayo ni michezo. Mpelekee ofisa mipango miji wa halmashauri, Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi, umuulize kwa barua kama panahitajika kubadili matumizi chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Taka jibu kwa barua pia. Jibu la mdomoni halina faida siku ofisa huyo akihamishwa.

Ukiwa hapo hapo uliza mengine mawili: kibali cha ujenzi, na kama ofisi ya NEMC (baraza la taifa la mazingira) ya Kanda ya Kaskazini itataka mradi uchunguzwe kimazingira. Na kama mwenye ardhi au mlipaji ni halmashauri, jua kwamba manunuzi yatapita kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma wa kielektroniki, kwa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, na mkandarasi awe amesajiliwa CRB, bodi ya usajili wa makandarasi. Hiyo ni miezi. Iweke kwenye ratiba sasa.

2. Futa kwanza mahali pasipofaa

Watu huanza kwa kutafuta mahali pazuri. Anza kinyume chake: chukua ramani, kalamu nyekundu, na ufute.

Futa kila sehemu ambayo mpira wa gofu unaweza kutua. Mchezaji anayetumia mkono wa kulia akikosea, mpira wake mara nyingi hupinda kulia, kwa hiyo upande wa kulia wa feawei, yaani njia ya nyasi mpira unakopitishwa kuelekea shimoni, ni wa hatari kuliko wa kushoto. Sisi hatuweki watu wasiotazama gofu ndani ya mita 50 kutoka katikati ya feawei, na upande wa kulia tunaongeza hadi 60 na zaidi. Mcheza pikoboli ana macho yake kwenye neti. Ule ukelele ambao mcheza gofu hupiga kumwonya hausikii.

Futa karibu na sehemu za kuanzia kupiga na karibu na grini, yaani nyasi fupi kabisa zinazozunguka shimo. Anayepiga mpira wa mwisho wa shilingi elfu kumi za dau hataki kusikia "tok, tok, tok" nyuma ya sikio lake, na ugomvi wa hapo hauishi.

Futa chini ya miti mikubwa. Mkaratusi unanyanyua sakafu kwa mizizi. Mjakaranda unapendeza, lakini kuanzia Oktoba maua yake yanamwagika, yanakanyagwa, na sakafu inageuka kuwa sabuni.

Kumbuka pia ukubwa wa uwanja wenyewe. Wenye mashimo 9, kama Arusha Gymkhana au Moshi Club, kila kona inachezwa mara mbili na anayetaka raundi ya 18. Ukila kipande cha shimo moja umekula mawili. Uwanja wa mashimo 18 kama wa Kili Golf kule Usa River una hesabu tofauti.

Mara nyingi kinachobaki ni vipande viwili vitatu: karibu na jengo la klabu, pembeni mwa maegesho, au kiwanja cha tenisi ambacho hakina watu siku nne kwa wiki. Cha mwisho ndicho ukitazame kwa makini zaidi.

3. Pima, lakini pima na nafasi ya kukimbilia

Kosa la kawaida kuliko yote: mtu anapima mistari, anasahau miguu. Kiwanja chenyewe ni mita 6.10 kwa 13.41. Nafasi ya chini kabisa pamoja na pembeni ni mita 9.14 kwa 18.29. Nafasi nzuri ni mita 10.36 kwa 19.51. Viwanja viwili bega kwa bega, kwa nafasi nzuri, vinataka kama mita 20.7 kwa 19.5, yaani mita za mraba 404 hivi, moja ya kumi ya eka. Eneo dogo hilo, na ndiyo maana watu hulidharau.

Urefu uelekee kaskazini na kusini. Hapa tuko karibu na ikweta, jua la asubuhi na la jioni linakuja karibu mlalo kutoka mashariki na magharibi, na saa hizo ndizo watu wanazocheza. Kiwanja kilicholala mashariki–magharibi kitampofusha mmoja kila jioni.

Kwa kiwanja cha tenisi, pima uzio mzima. Ukiwa na mita 36.6 kwa 18.3 ndani ya uzio, viwanja 4 vya pikoboli vinaenea, ingawa kwa nafasi ile ya chini kabisa. Vya zamani vingi vina nafasi pungufu nyuma ya mstari. Hapo weka 2 vilivyo vizuri badala ya 4 vya kugongana vichwa.

4. Sikiliza

Hatua hii ndiyo inayoua miradi mingi baada ya fedha kutumika. Ifanye sasa, itakugharimu asubuhi moja.

Mlio wa pikoboli si mkubwa kama muziki wa baa. Tatizo lake ni kwamba ni mfupi, mkali, haufuati mpigo wowote, na unarudi kila sekunde moja au mbili kwa saa tatu. Nguvu yake iko kwenye hezi 1,000 hadi 2,000, pale pale sikio la binadamu linaposhika kwa wepesi. Mtu anazoea lori linalopita. Hili halizoeleki.

Fanya hivi. Waweke watu 4 mahali unapopafikiria, saa 12 na nusu asubuhi, kabla magari hayajawa mengi. Hata kama ni nyasi, si neno: mlio unatoka kwenye kibao, kwa hiyo wapigiane mpira hewani bila kudunda. Wewe nenda, kwa ruhusa, mpaka ukuta wa nyumba ya karibu zaidi, kisha kwenye grini ya karibu, kisha kwenye sehemu ya kuanzia kupiga. Kila mahali andika sauti ya kawaida bila mchezo, halafu sauti ya kilele mchezo ukiendelea. Programu ya simu haina usahihi wa maabara, ila tofauti kati ya namba mbili ulizopima kwa simu ile ile inatosha kukupa picha. Kilele kikizidi sauti ya mazingira kwa desibeli 10, jirani huyo atakuja kikaoni.

Umbali ukizidishwa mara mbili, sauti hupungua kwa karibu desibeli 6 mahali pa wazi. Kwa hiyo kusogea kutoka mita 30 hadi 60 kunasaidia kweli. Kusogea kutoka 30 hadi 35 ni kujidanganya. Chini ya mita 30 kutoka dirisha la mtu, sisi tunasema hapana, hata kama huyo mtu ameridhika leo. Anaweza kuuza nyumba kesho. Kati ya mita 30 na 150, ingia ukiwa na mpango wa ukuta na wa saa.

Ua wa michongoma hauzuii sauti, unaficha tu wachezaji. Kinachozuia ni kitu kizito kisicho na mwanya, kinachokata mstari kati ya kibao na dirisha: ukuta wa tofali wa mita 3, kwa mfano. Jirani akiwa ghorofani, huo ukuta haumsaidii.

Baada ya kupima, mwendee mwenyekiti wa mtaa. Usimtumie barua kwanza. Nenda, mwamkie, mweleze, kisha muitishe pamoja kikao cha majirani na kuwapigia mchezo dakika 20 wausikie wenyewe. Muhtasari uwe na saini zao na muhuri wa ofisi ya mtaa. Kukiwa na msikiti au kanisa karibu, andikeni kabisa kwenye muhtasari kwamba Ijumaa adhuhuri au Jumapili asubuhi hakuna mchezo.

5. Jaribu wiki 8 kwenye sakafu iliyopo

Usijenge chochote kabla ya hii. Tumia tenisi, au kona ya maegesho yenye zege au lami tambarare. Piga tepe, simamisha neti za kukunja: sm 91.4 pembeni, sm 86.4 katikati. Kwa neti ya tenisi, ambayo katikati ni sm 91.4, kaza mkanda wa katikati mpaka ishuke sm 5.

Chagua miezi. Masika, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, itakupa namba za uongo. Vuli ya Novemba na Desemba pia. Juni hadi Septemba ni nzuri, ila Julai ya Arusha asubuhi ina baridi na ukungu, panga zaidi jioni. Moshi iko chini na ina joto. Januari na Februari hakuna atakayecheza saa 6 mchana.

Vipindi vitatu kwa wiki vinatosha: Jumanne na Alhamisi saa 10 na nusu mpaka saa 12 na robo jioni, Jumamosi saa 1 mpaka saa 4 asubuhi. Wiki mbili za kwanza bure. Kuanzia ya tatu, toza. Kitu cha bure hakikwambii ukweli.

Daftari liwe na safu nne tu: jina, mwanachama au mgeni, amekuja mara ya ngapi, amelipa au hapana. Ukurasa mmoja unaweza kusomeka hivi: "Alh. — Mama Neema, mgeni, mara ya 5, amelipa. Mzee Kimaro, mwanachama, mara ya 1, hajalipa." Mama Neema ndiye mradi wako. Mzee amekuja kutazama.

Usihesabu siku ya uzinduzi. Siku hiyo watakuja 60, watapiga picha, watakunywa soda, na nusu hutawaona tena. Hesabu wiki ya 6, 7 na 8, na uwahesabu waliofika angalau mara 3 katika wiki hizo:

- 24 na zaidi: viwanja 2 vina watu. Watu 24 wanaokuja kwa wastani mara moja na nusu kwa wiki ni mahudhurio 36, na vipindi 3 vya watu 12 vinavibeba bila mtu kusubiri sana.
- 12 hadi 23: bakini na mistari ya kudumu kwenye tenisi. Hakuna zege.
- Chini ya 12: kunja neti, rudisha vibao, waandikieni waliokuja asante. Hapana nayo ni jibu, na imepatikana kwa bei nafuu.

Jambo moja la pembeni: wape makedi, wale wabeba mifuko ya wacheza gofu, nafasi kipindi kikikaribia kwisha. Jicho la mpira wanalo tayari, na ndani ya mwezi utakuwa na walimu wawili watatu wasiohitaji kuagizwa kutoka mbali.

6. Piga hesabu, uongeze na taa

Hizi ni namba za mfano, weka zako. Tuseme mahudhurio 36 kwa wiki, kila moja TSh 5,000: TSh 180,000. Mwaka una wiki 52, toa 8 za mvua kubwa, baki 44: TSh 7,920,000. Matumizi: msimamizi wa muda TSh 3,000,000, mipira na neti 600,000, umeme 900,000, akiba ya kupaka upya 1,500,000. Jumla 6,000,000. Kinachobaki ni TSh 1,920,000.

Sasa tazama. Kama kujenga viwanja viwili vipya ni TSh 40,000,000, ada peke yake itarudisha fedha kwa miaka karibu 21, na kabla ya hapo utakuwa umepaka sakafu upya zaidi ya mara moja. Kama kubadilisha tenisi iliyopo ni TSh 4,000,000, ni miaka 2 na kidogo. Ndiyo maana tunarudi kwenye tenisi kila mara. Ujenzi mpya unakubalika pale tu mapato ya kantini, ada za uanachama mpya au mfadhili vimeandikwa kwa namba, siyo kwa matumaini. Chai, supu na nyama choma vinaingiza kuliko ada, lakini vihesabu kutoka risiti za wiki zile 8, si kutoka kichwani.

Taa zinaamua mengi. Hapa jua linazama kati ya saa 12 na dakika 20 na saa 1 kasoro, mwaka mzima. Anayetoka kazini saa 11 akavuka foleni ana dakika 45 za mwanga. Bila taa unawauzia wastaafu na wanafunzi. Kwa viwanja 2 weka nguzo 4 za mita 6, nje ya mistari, usiweke nyuma ya wachezaji, na lengo liwe kama lux 300 (kipimo cha mwanga) sakafuni. Hakikisha mwanga haupigi dirisha la mtu, na kumbuka kwamba taa zinasogeza kelele mpaka usiku: funga saa 3.

7. Chimba shimo

Kama hesabu bado inasema jenga, chimba mashimo mawili ya mita 1 kwenye pembe mbili za eneo. Udongo mwekundu wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro kwa kawaida hauna shida. Ukikuta udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi, simama.

Ujaribu hivi: tengeneza kisanduku cha mbao, urefu sm 60, upana na kina sm 4, paka mafuta ndani, jaza udongo uliolowa ukiupigapiga, kausha juani siku kadhaa, kisha usukume wote upande mmoja. Mwanya ukizidi sm 5, udongo huo unavimba na kufinyaa kiasi cha kupasua zege lako. Hapo ni ama kuuondoa kina cha sm 60 na kujaza moramu iliyoshindiliwa, ama kuhamia kwingine. Kuhamia ni nafuu.

Mimina maji ndoo mbili kila shimo jioni. Yakiwepo bado asubuhi, mfereji wa pembeni si hiari.

8. Kadiria vifaa

Hii ni ya kumwuliza mkandarasi maswali, siyo ya kujijengea mwenyewe. Kwa viwanja 2, mita za mraba 404:

- Moramu unene wa sm 15 ukishashindiliwa, hadi nje kidogo ya kingo: kama mita za ujazo 65, yaani 80 hivi ikiwa imelegea kwenye tipa.
- Nailoni nzito juu ya moramu, kisha wavu wa chuma wa BRC A142 ulioinuliwa kwa vitofali vidogo. Fundi akiulaza chini akisema atauvuta wakati wa kumwaga, mzuie. Hauvutwi.
- Zege sm 10: mita za ujazo 40, pamoja na upotevu 42.5. Kwa mifuko 7 kwa kila mita ya ujazo ni mifuko 300 ya simenti ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 21, kokoto 37.
- Misingi ya nguzo za neti imwagwe kwanza. Nguzo ziwe umbali wa mita 6.71.

Mteremko ni asilimia 1, uelekee upande mmoja tu, kutoka ubavu hadi ubavu: kwa mita 20.7 ni sm 20 za kushuka. Usikubali sakafu yenye mgongo katikati. Mikato ya zege ikatwe siku ile ile au asubuhi yake, kina cha sm 2.5, na mmoja wao upite chini ya neti, kwa sababu ufa ukija na uje hapo, usije katikati ya jikoni. Lowesha zege siku 7, kisha subiri mpaka siku ya 28 ndipo rangi.

Rangi ndipo watu wanapobania. Usipake rangi ya mafuta wala ya barabarani: zikilowa na umande zinateleza kama barafu. Inatakiwa rangi ya akriliki ya viwanja iliyochanganywa mchanga laini. Sakafu iwe buluu au kijani kilichokolea. Mpira ni wa njano, usiufiche. Mistari ni sm 5, nyeupe. Ikiwa ni juu ya tenisi, mistari ya pikoboli iwe ya rangi inayokaribia sakafu, ili ya tenisi ibaki inatawala.

9. Ipeleke kikaoni kwa karatasi moja

Karatasi moja, pande mbili. Mbele: barua ya ofisa mipango, namba za sauti, idadi ya waliorudi, hesabu ya mwaka, matokeo ya mashimo. Nyuma: ramani yenye kalamu nyekundu. Kimoja kikikosekana, ahirisheni. Na mpige kura juu ya machaguo yote matatu, maana ukiuliza "tujenge au la" watagawanyika kwa urafiki.

Mambo yakienda kombo

*Jirani analalamika ingawa alisaini.* Punguza saa kabla ya kumbishia: anza saa 2 asubuhi, maliza saa 12 jioni, kwa mwezi mmoja. Jaribu mipira ya sponji kwa vipindi vya mazoezi. Inapunguza mlio sana ingawa wachezaji wazuri watanung'unika. Ukuta uje baada ya hapo.

*Wacheza tenisi wamegoma.* Kawaida si mistari inayowaudhi, ni kukuta kiwanja kimejaa bila taarifa. Bandika ratiba mlangoni, wape jioni zao mbili zisizoguswa.

*Maji yanatuama.* Subiri saa moja baada ya mvua, weka sarafu ya shilingi 200 kwenye dimbwi. Ikifunikwa, zungushia chaki, jaza kwa mchanganyiko wa kusawazisha wa akriliki kabla ya kupaka upya. Simenti tupu itabanduka.

*Mipira inapasuka ovyo.* Asubuhi za Julai plastiki inakuwa ngumu. Anza na mipira iliyokaa ndani. Iliyoachwa kwenye gari juani inalainika na kupinda. Zungusha mpira kwenye kiganja: ukiyumba, mpe mtoto.

*Sakafu inateleza bila mvua.* Ni vumbi jekundu. Fagia kila asubuhi kwa ufagio laini, osha kwa mpira wa maji mara moja kwa wiki.

*Mipira ya gofu imeanza kutua.* Funga kiwanja siku hiyo hiyo. Sogeza alama za kuanzia kupiga zielekee pembeni, uone kwa wiki mbili. Ukiwaza wavu, jua kwamba uzio wa mita 3 haumzuii mpira unaoshuka kutoka juu.

*Wanaokuja ni wale wale sita, na wanakataa wageni.* Weka kanuni ya foleni ya vibao: mchezo wa pointi 11 ukiisha, wote wanne wanatoka kama kuna vibao vinne vinavyosubiri.

*Kumbikumbi.* Mvua za kwanza zikinyesha watafuata taa kwa maelfu, mabawa yatafunika sakafu, na mtu ataanguka. Zima taa za kiwanja nusu saa, washa moja ya mbali iwavute, kisha fagia kabla ya kuwasha tena. Taa za mwanga wa manjano zinawavuta kidogo kuliko nyeupe. Ndoo ya maji chini ya ile taa ya mbali itajaa. Wenye kujua kuwakaanga hawatakosekana.